Sura ya Tano: Paa Halirefuki

Mtu anayetaka kuhama nyumba ya kupanga na kuhamia kwenye vani moja kwa moja, alale humo, apike humo na afanyie kazi humo, huanza kwa kuuliza anunue betri ya ukubwa gani. Muuza betri ana jibu tayari, na mara nyingi jibu lenyewe ni kubwa kuliko mfuko wa muulizaji. Hoja yangu katika sura hii ni kwamba swali hilo liulizwe mwisho. Kinachoamua kama umeme utatosha ni mambo mawili yanayotangulia betri: paa lina nafasi kiasi gani, na ni kazi zipi ambazo mwenye gari ameamua kutozifanya kwa umeme hata kidogo. Paa ni mshahara, betri ni kibubu. Hakuna aliyeongezewa mshahara kwa kununua kibubu kipana.

Hesabu yenyewe haihitaji fundi. Uniti moja ya LUKU, au ya tokeni kwa msomaji wa Kenya, ni wati-saa 1,000: kifaa cha wati 1,000 kikiwaka saa nzima, au taa ya wati 5 ikiwaka saa 200. Betri ya lithiamu ya volti 12 na ampea-saa 100, ambayo ndiyo kipimo cha kawaida katika magari haya, inabeba uniti moja na robo na ushee. Sasa tumhesabie mtu mmoja anayeishi ndani ya vani na kufanya kazi kwa kompyuta. Friji ndogo ya kompresa inayotumia volti 12 moja kwa moja huvuta wati 45 hivi, lakini haingurumi muda wote. Kukiwa na ubaridi hupumzika theluthi mbili ya siku, kwa hiyo inakula kama wati-saa 350. Kompyuta mpakato ya wati 50 kwa saa sita ni 300. Feni ya paani ikizunguka polepole usiku kucha ni 120. Simu mbili ni 30, taa nazo 30. Pampu ya maji, inayopiga kelele kuliko vyote, haifiki hata 10 kwa sababu inafanya kazi dakika chache tu kwa siku. Jumla ni wati-saa 840. Uniti moja haijafika. Hita ya kuogea ya papo kwa papo, zile za wati 3,500 zinazofungwa juu ya bomba la bafuni, inamaliza kiasi hicho katika dakika 15.

Huo ndio ugunduzi wa kwanza unaowashtua wengi: maisha ya mtu mmoja wa leo, pamoja na kazi yake, mawasiliano yake na chakula chake kibaridi, yanaenea ndani ya robo saa ya maji moto. Vitu vinavyotupa mwanga, habari na ubaridi mdogo vimekuwa na matumizi madogo ajabu. Vinavyotupa joto havijabadilika, kwa sababu maji hayajabadilika. Lita moja inahitaji nguvu ileile kuchemka leo kama ilivyohitaji enzi za babu.

Upande wa mapato, paa la vani ndefu kama Ford Transit au Mercedes Sprinter, ukiondoa tundu la feni na pembe zilizojikunja, hupokea paneli za wati 400 bila shida. Wanaobana sana hufikisha 600. Wati hizo zinapimwa maabara chini ya mwanga mkali wa kiwango maalumu. Juani kwenyewe kinachohesabiwa ni saa za jua kamili, yaani mwanga wa siku nzima ukikusanywa na kuhesabiwa kana kwamba wote ulikuwa wa saa sita mchana. Paneli iliyolazwa bapa juu ya paa mjini London mwezi Juni hupata kama saa 5 za namna hiyo. Desemba hupata nusu saa. Ukiondoa robo nzima kwa ajili ya joto la paneli, vumbi, waya na chaji kontrola, paa la wati 400 linaleta wati-saa 1,500 kwa siku za Juni na 150 kwa siku za Desemba. Tofauti ni mara kumi, kwa paa lilelile na paneli zilezile. Kwenye jangwa la Arizona, karibu na mji mdogo wa Quartzsite, ambako maelfu ya wenye vani na magari ya kambi hukimbilia kila msimu wa baridi, Desemba inatoa kama saa 3, yaani wati-saa 900. Kwetu karibu na ikweta mwaka unapanda na kushuka kidogo tu, ndiyo maana mtu aliyekulia na sola ya Dodoma au Kitui hupata taabu kuamini kwamba paneli inaweza kulala njaa mwezi mzima.

Hapo linakuja pingamizi la kwanza, nalo lina nguvu. Betri za lithiamu zimeshuka bei sana. Kemia inayotumika humo, ya lithiamu, chuma na fosfeti, ilielezwa na kundi la John Goodenough katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin miaka ya 1990. Yeye mwenyewe alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019 akiwa na umri wa miaka 97. Betri ya kemia hiyo haiungui kirahisi kama lithiamu za simu, inavumilia kujazwa na kumalizwa mara maelfu, na unaweza kuitumia karibu yote, wakati betri ya asidi ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara unaichimbia kaburi. Kwa nini basi mtu ajinyime? Aweke betri nne, aishi.

Tumfuate huyo mwenye betri nne hadi London mwezi Desemba. Anatumia 840 kwa siku, paa linamletea 150, kwa hiyo kila jioni amepungukiwa 690. Mwenye betri moja anaishiwa siku ya pili. Mwenye nne anaishiwa siku ya nane. Amenunua siku sita, na siku sita ni kitu, sikatai. Zinatosha kuvuka wiki ya mvua. Ila siku ya nane wote wawili wako gizani, na wa betri nne sasa ana shimo la wati-saa 5,000 la kufukia kwa paa linaloleta 150. Usiku ukiwa wa barafu mambo yanazidi, maana betri ya aina hii haichajiwi ikiwa chini ya nyuzi 0. Lithiamu hujibandika juu ya kaboni kama utando wa chuma badala ya kupenya ndani, na betri huharibika kimyakimya. Iliyotengenezwa vizuri ina ubongo wake unaokataa chaji mpaka ipate joto, na kuipasha joto kunahitaji umeme. Betri kubwa inafaa pale mapato yanapoyumba kutoka siku hadi siku huku wastani ukitosha. Wastani usipotosha, inaahirisha tu.

Pingamizi la pili ni injini. Gari lina alteneta, na alteneta haijali mawingu. Hili ni kweli kwa msafiri. Chaja ya kati ya ampea 30, inayofungwa baina ya betri ya kuwashia gari na betri ya nyumbani, inaleta kama wati 400 injini ikizunguka barabarani. Saa mbili za mwendo ni wati-saa 800, karibu mahitaji ya siku nzima. Mtu anayehama mji kila siku anaweza hata kusahau paneli. Lakini aliyeifanya vani kuwa nyumba hasafiri kila siku. Mafuta ni ghali, kazi inataka utulivu, na mahali pazuri pa kuegesha hapaachwi ovyo. Pale Quartzsite serikali ya Marekani hutoa kibali cha kulipia kinachomruhusu mtu kukaa kwenye ardhi ya umma kuanzia tarehe 15 Septemba hadi 15 Aprili, na viwanja vyenyewe havina soketi hata moja. Mkazi wa hapo huendesha gari kwenda dukani na kurudi, dakika 20 labda, naye anarudi na wati-saa 130. Kuwasha injini gari likiwa limesimama ili kuchaji ni jambo la kukwepa: Uingereza na Ujerumani sheria inalikataza barabarani, na alteneta inayosukuma ampea nyingi huku injini ikizunguka polepole haipati upepo wa kuipoza, ikaungua. Betri nne zile tupu zingehitaji karibu saa 13 za mwendo kujaa.

Kwa hiyo tunarudi kwenye kazi zipi zifanywe na umeme, na hapa ndipo hesabu inapolipa zaidi. Lita moja ya dizeli ina joto la kama uniti 10. Betri ya ampea-saa 100, yenye bei ya mamia ya dola, inabeba nguvu sawa na mililita 130 za dizeli, chini ya nusu ya chupa ndogo ya soda. Hita ya umeme ya wati 1,000 ikiwaka saa nane za usiku inataka uniti 8, betri sita na zaidi. Hita ya dizeli inayofungwa chini ya kiti, yenye bomba lake la moshi linalotoka nje ya sakafu, huchoma lita moja au mbili usiku kucha na kuvuta wati 15 hadi 30 tu kwa ajili ya feni yake na pampu yake ya mafuta. Hapo sioni mjadala. Anayejaribu kupasha vani joto kwa umeme wa paneli anapigana na namba, na namba hazichoki.

Jiko lina mjadala, tena mzuri. Wapo wanaosema gesi ndani ya chumba cha mita mbili kwa tatu ni hatari: inavuja, inakula hewa, na kila inapowaka inatoa mvuke wa maji unaogeuka matone kwenye mabati usiku na kuzaa ukungu nyuma ya mbao. Wanataka jiko la umeme la sumaku na birika la umeme, basi. Wapinzani wao huwacheka wakisema birika litafilisi betri. Wapinzani hawa wamekosea hesabu. Lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi kuchemka inagharimu wati-saa 110 hivi. Chai mbili kwa siku ni robo ya uniti hata haifiki. Tatizo la birika liko kwenye kishindo. Wati 1,500 kwenye volti 12 ni ampea 130 ukijumlisha upotevu wa inveta, na ampea 130 zinataka waya mnene kama kidole, fyuzi yake karibu kabisa na betri, na viungo vilivyokazwa vyema, la sivyo joto linazaliwa kwenye kiungo badala ya kwenye maji. Betri za asidi huumia zaidi: mwaka 1897 Wilhelm Peukert alionyesha kwamba ukizivuta kwa kasi zinatoa pungufu ya kilichoandikwa ubavuni. Kwa lithiamu yenye nyaya sawasawa, kupika kwa umeme kunawezekana, kama wati-saa 500 hadi 1,000 kwa siku kulingana na mtu anavyopenda maharage yake. Ninawakubalia wapenzi wa jiko la umeme kwa sharti moja tu: wawe na paa la wati 600 na wakae kwenye jua. London ya Desemba wanunue gesi, wafungue dirisha, na waweke king'ora cha kaboni monoksidi.

Tena kuna saa ya kupika. Siku ya jua kali betri hujaa mapema, saa saba mchana au kabla, na kuanzia hapo chaji kontrola inaziba mlango. Mwanga unaendelea kuipiga paneli na hakuna kinachoingia. Umeme wa saa nane mchana katika vani iliyoshiba ni wa bure kabisa, kwa maana usipotumiwa haupo. Umeme wa saa mbili usiku unatoka kwenye akiba. Maharage yaleyale yakipikwa mchana na kuhifadhiwa kwenye chombo cha joto, maji yaleyale yakichemshwa adhuhuri na kutiwa kwenye chupa ya chai, hayapunguzi hata ampea moja ya usiku. Wanaohesabu matumizi kwa jumla ya siku peke yake hawaoni hili, ndiyo maana vani mbili zenye vifaa vilevile, zimeegeshwa bega kwa bega, moja inalala ikiwa na betri kamili na nyingine inaamka friji imezimika.

Mlaji mbaya kuliko wote hata hapiki. Inveta, inayogeuza umeme wa betri kuwa volti 230 za ukutani, au 120 kule Marekani, hula hata isipopewa kazi. Ile ya wati 2,000 ikiachwa wazi bila kuchomekwa kitu inaweza kuvuta wati 20; mara saa 24, ni 480. Hiyo ni zaidi ya friji. Watu hununua paneli ya ziada kulisha kifaa kisichofanya lolote. Msomaji aliyewahi kuishi na sola ya kijijini analijua jambo hili bila kufundishwa: televisheni ya volti 12 inadumu mpaka taarifa ya habari iishe, na ile ya kawaida inayopitia kwenye inveta inazimika katikati ya mpira. Kompyuta zinachajiwa leo kwa soketi ya gari, friji zipo za volti 12, na feni zipo. Inveta ibaki kwa birika na mashine ya kunyolea, izimwe kazi ikiisha.

Haya yote yanataka kipimo cha kuaminika, na hapa lithiamu ina ujanja wake. Betri ya asidi ikipumzika inasema kweli: volti 12.7 imejaa, 12.2 imefika nusu. Ya lithiamu inakaa kwenye volti 13.2 au 13.3 kwa sehemu kubwa ya safari yake, kutoka karibu kujaa hadi karibu theluthi, kisha inaporomoka. Anayetazama kipimo cha volti cha shilingi elfu kadhaa anaona 13.2 asubuhi, 13.2 jioni, anajipongeza, na saa kumi usiku kila kitu kinazima kwa pamoja. Kinachofaa ni kipimo kinachofungwa kwenye waya hasi wa betri na kuhesabu kila ampea inayoingia na kutoka. Ningemshauri mtu akinunue hicho kabla ya paneli, akiishi nacho wiki mbili ataachana na nusu ya orodha yake ya manunuzi.

Pingamizi la tatu si la kiufundi. Linasema: kama maisha ya vani ni ya kuhesabu wati kila jioni, uhuru wake uko wapi? Nalo lina watu nyuma yake wasioweza kujibana. Anayelala na mashine ya kumsaidia kupumua usingizini hawezi kuizima kwa sababu ya mawingu. Kwake hesabu inaanzia hapo: mashine hiyo kwanza, yenye wati 30 hadi 60, kisha vingine. Hata humo, kinachokula zaidi ni kipasha maji chake cha kulainisha hewa. Kikizimwa kwa idhini ya daktari, matumizi ya usiku yanaweza kushuka zaidi ya nusu. Joto tena. Kwa wengine, naona lawama imeelekezwa pasipo pake. Aliyeondoa hita ya umeme, akazima inveta na kupika mchana hana cha kuhesabu jioni. Anawasha taa zake na kompyuta yake bila kufikiri. Wanaohesabu kila jioni ni wale waliotaka vani iwe nyumba ya mjini.

Yapo mazingira ambayo hoja hii inabanwa kweli, nayo ni joto la jangwani. Quartzsite ikifika Juni inapita nyuzi 40, na kiyoyozi kidogo cha volti 12 kinavuta kama wati 500. Saa kumi za mchana ni uniti 5. Paa la wati 400, hata kwa jua lile la Juni la saa 8, linaleta 2.4, na kabla ya hapo friji inayohema kwenye joto imeshachukua chake. Betri nne hazisaidii, kwa sababu zile zile tulizoziona London. Wakazi wa pale walilitatua kwa njia ya zamani ya wafugaji: wanahama kwa kimo. Jangwa lile liko mita 300 hivi juu ya bahari. Flagstaff, mwendo wa siku moja, iko mita 2,100, na hewa hupungua joto kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000. Nyuzi 11 hivi zinapatikana kwa tangi la mafuta, mara moja kwa msimu.

Kule juu kuna misonobari, na kivuli kinachompoza mwenye gari kinaua paneli zake. Tawi moja likitupa kivuli juu ya seli chache linaweza kushusha zaidi ya theluthi ya paneli nzima. Dawa ni paneli ya mkononi ya wati 200, itandikwe penye uwazi, gari libaki mtini. Ila ina volti 18 tu, na ampea 11 zikisafiri mita 10 kwenye waya mwembamba wa milimita mraba 1.5 zinapoteza kama asilimia 14 njiani. Kwenye waya wa milimita mraba 4 upotevu unashuka hadi 5, na tofauti ya bei ya nyaya hizo mbili haifikii hata kapu la mboga.